Udongo wa Chini Ulipokauka

Rehema mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga wenzako uliosoma nao, na kwa jinsi ninavyowajua mtacheka mpaka jua lizame. Kwa hiyo nina kama saa tatu hivi. Nimekaa kwenye meza ya jikoni, begi lako limevimba hapa miguuni kwangu, na huko juu Uluguru mvua imeshaanza kushuka. Hapa Kilakala tunaishia kupata upepo na vumbi.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango, kuchemsha maji ya kunywa wala kuchaji simu. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Tena wewe sasa ni afisa ugani mwenye barua ya ajira, unakwenda Gairo kuwafundisha watu wazima wenye mvi. Ukishindwa kuchemsha maji, basi Gairo itajua yenyewe la kufanya. Nataka nikuandikie kuhusu udongo, na kuhusu mjomba wako Shabani, ambaye kesho utalala nyumbani kwake.

Jumapili tukiwa tunakula ulisema, "Mama, nikifika kwa mjomba nitaanza na yeye. Ndiye mkulima wangu wa kwanza wa kumfundisha kushika jembe." Meza nzima ikaangua kicheko. Baba yako alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mimi nami nilicheka. Utani ule wa uvivu wa mjomba wako niliuanzisha mimi. Nilikupa ukiwa mdogo, ukaupokea kama watoto wanavyopokea kila kitu kutoka kwa mama, na sasa unataka kuupeleka mpaka mlangoni kwake.

Ngoja nianze na kazi yangu, maana jambo lenyewe lilianzia humo.

Unakikumbuka kile kitabu cha rangi nilichokuwa narudi nacho nyumbani, ukadhani ni cha mafundi wa kupaka nyumba? Kila ukurasa una vipande vidogo vya rangi, kuanzia iliyokaribia nyeupe hadi iliyokaribia nyeusi, na pembeni ya kila kipande kuna tundu. Unashika bonge la udongo nyuma ya tundu, unalisogeza juu na chini mpaka upate rangi inayofanana nalo. Ni kazi rahisi kiasi kwamba mtu anaweza kuifanya vibaya maisha yake yote bila kujua. Fundi mkuu wa maabara yetu, mzee mmoja mkali aliyekuwa akinywa chai bila sukari, alikuwa na sharti moja. Kabla hujaandika rangi, andika kwanza kama udongo ni mkavu au una unyevu. Mwanafunzi akisahau, alikuwa anamrudishia karatasi bila hata kuisoma. "Hapa hujaniandikia udongo," alikuwa anasema. "Umeniandikia hali ya hewa."

Sababu unaijua kutoka darasani, lakini nikueleze kwa mdomo wangu. Udongo ukiwa mkavu, katikati ya chembe zake pamejaa hewa. Mwanga ukifika unagonga chembe na kurudi machoni kwako upesi, na wewe unaona udongo uliopauka. Maji yakiingia yanazivika zile chembe, mwanga unapita, unazama ndani zaidi, unagongagonga humo na mwingi haupati njia ya kutoka. Unaorudi ni kidogo, kwa hiyo unaona weusi. Udongo haujabadilika hata kidogo. Kanga ukiimwagia maji upande mmoja, upande huo unakolea, na hakuna anayesema kwamba kitambaa kimekuwa kingine. Lakini udongo ukilowa watu wenye akili zao wanasema, "Tazama ardhi hii ilivyonona." Hata mimi nimesema hivyo, tena nikiwa nimelipwa mshahara kwa kujua tofauti.

Na wewe juzi ulinionyesha kwenye simu picha za mashamba zilizopigwa kutoka angani, ukaniambia mabaka meusi ni udongo mzuri na mabaka meupe ni uliochoka. Nikakuuliza mvua ilinyesha lini kabla ya picha. Ukasema, "Mama nawe, unapenda kuharibu." Sikuendelea, kwa sababu ningeendelea ningefika mahali ambapo sikuwa tayari kufika. Leo nafika.

Bibi yako, mama yangu, alipofariki wewe ulikuwa tumboni, miezi minne. Baada ya arobaini tuliitwa kijijini Kinole, kwenye kikao cha ukoo. Sisi Waluguru ardhi inafuata tumbo la mama, hilo unalijua, na wazee wa upande wa mama ndio wanaogawa. Nyumba ya bibi yako ilikuwa na mashamba mawili. Moja lilikuwa juu kwenye mgongo wa mlima, linapigwa na jua na upepo tangu asubuhi. Jingine lilikuwa chini kwenye mkunjo, kwenye kivuli cha mifenesi, mahali ambapo ukungu unakaa mpaka saa nne na maji yanachuruzika kutoka kwenye mwamba. Nyumba nyingine ya ukoo wetu ilikuwa na mabinti wengi na ardhi kidogo. Babu Salumu, mkubwa wa ukoo, akasema ni haki tuwaachie shamba moja, na kwa heshima ya marehemu sisi ndio tuchague la kubaki nalo. Shamba lenyewe lingelimwa na Shabani, mdogo wangu, kwa kuwa mimi nilishahamia mjini. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, amechumbia, ana mabega mapana na haraka ya maisha.

Babu Salumu akanigeukia mbele ya wote. "Mwanangu, wewe unafanya kazi ya udongo. Nenda kaangalie, utuambie."

Sijui kama utanielewa nikikuambia jinsi nilivyojisikia. Nilikuwa mtu wa kwanza wa nyumba yetu kuvaa koti jeupe. Nilikuwa nimekuja na kitabu kwenye mkoba, na nakiri nilikileta makusudi ili kionekane. Nikapanda na Shabani. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha, lakini shamba la juu lilikuwa limeshapigwa na jua na upepo, uso wake umekauka na kupauka. La chini lilikuwa bado linatiririka. Nikachota kule juu, nikasoma rangi. Nikateremka, nikachota chini, nikasoma rangi. Ule wa chini ulikuwa mweusi kama makapi ya chai, ukishika unaacha alama mkononi. Nikasimama pale nimejaa furaha ya mtaalamu.

"Hili ndilo," nikamwambia.

Shabani alikuwa anachokoa ardhi kwa kidole cha mguu. "Dada, lakini mama alikuwa analipenda la kule juu. Kila mwaka alikuwa anafukia majani kule."

"Mama hakuwa na kitabu," nikamjibu.

Akaacha kuchokoa. Aliniamini, Rehema. Hakuniamini kwa sababu nilikuwa sahihi, aliniamini kwa sababu nilikuwa dada yake na nimesoma. Tukarudi kikaoni nikatangaza, watu wakaitikia, mama mmoja akapiga hata kigelegele. Babu Salumu akasema Ijumaa ya wiki inayofuata tutaonyeshana mipaka na kupanda miti ya alama, na baada ya hapo mambo yatakuwa yamekwisha.

Sasa sikiliza kilichotokea katikati. Nilikuwa nimefunga konzi mbili mbili za udongo kwenye mifuko ya nailoni, nikaandika "juu" na "chini", nikaenda nazo kazini. Nia yangu ilikuwa kujisifu tu kwa fundi mkuu. Nikazimwaga kwenye sinia za kukaushia nikaziacha. Jumatatu nilipofungua chumba, udongo wa chini ulikuwa umekauka na kuwa mweupe. Nasema mweupe, mwanangu, kama majivu ya kuni, mchanga mtupu uliooshwa na maji miaka na miaka. Udongo wa juu nao ulikuwa umekauka, lakini ulibaki na rangi ya kahawia iliyotulia. Nikachukua chupa ya maji nikainyunyizia sinia zote mbili kwa pamoja, kama nilivyofundishwa na kama nilivyopaswa kufanya kule mlimani. Wa chini ukarudi kuwa na giza lile lililonidanganya. Wa juu ukawa mweusi kweli kweli, mweusi kupita wa chini mara mbili. Majani aliyoyafukia mama yangu yote yalikuwa mle.

Fundi mkuu akaja nyuma yangu na kikombe chake. Akatazama kidogo tu. "Huu wa juu ni shamba," akasema. "Huu wa chini ni pa kupita. Ni wa nani?"

"Sampuli za mtu," nikasema.

"Mwambie mapema."

Nilikuwa na Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Gari za Kinole zilikuwepo. Ningeweza kwenda siku yoyote nikamwambia Babu Salumu, "Shikamoo babu, nilikosea, niliusoma mmoja mkavu na mwingine umelowa." Ingekuwa aibu ya asubuhi moja. Wangecheka, pengine mtu angesema msomi naye hajui kitu, na tungekula tukarudi nyumbani. Sikwenda. Kila siku nilijiambia labda nimechota mahali pabaya, labda Shabani ataweka mbolea, labda udongo si kila kitu. Mtu aliyesoma ana hatari yake: hakosi sababu za kujipa.

Ijumaa nilikwenda. Nilisimama mpakani. Babu Salumu akauliza kama yupo mwenye neno kabla miti haijapandwa. Nikatazama chini. Miti ikapandwa.

Mwaka wa kwanza mahindi ya Shabani yalisimama membamba na ya njano. Mwaka wa pili akapanda mihogo, akavuna vijiti. Kiangazi kilipofika ardhi ile ilipauka na kuwa ngumu, mtu akipita barabarani anadhani ni uwanja. Kule juu wenzake walikuwa wanashusha ndizi na pilipili manga. Watu walitazama mashamba mawili yaliyotoka kwa mama mmoja, wakatazama watu wanaoyalima, wakaamua kwamba tofauti ni watu. Wakasema Shabani mvivu. Wakasema ana mkono mbaya. Mchumba wake akaolewa kwingine. Nilikuwa nikisikia hayo nikienda Kinole kuwasalimia, na nilikuwa natingisha kichwa kama mtu anayesikitika.

Ulipokuwa na miaka sita akahama, akaenda Gairo kukodi shamba alime mahindi na karanga. Alipita hapa kuaga, ukaniuliza kwa nini mjomba anaondoka. Nikakujibu, "Mjomba wako hapendi kazi ya jembe." Ulikuwa umekaa hapa hapa jikoni unamenya chungwa. Uongo wa kwanza nilimfanyia yeye kwa kunyamaza. Huu wa pili nilikufanyia wewe kwa mdomo wangu, na nikauacha ukue pamoja nawe.

Hajawahi kunilaumu kwa sababu hajui. Anadhani ni bahati yake. Kila Idi anashusha debe la karanga hapa mlangoni, na mimi nazikaanga na kuzila. Mwezi uliopita nilipompigia kumwambia umepangiwa Gairo, nikasema utatafuta chumba cha kupanga, alikaribia kugombana nami. "Mpwa wangu apange wakati mimi nipo? Dada, usinitie aibu. Chumba kipo, nimeshakipiga chokaa." Halafu akaniambia, "Na wewe siku moja uje na kile kitabu chako unipimie huku. Udongo wa huku mwekundu, siuelewi vizuri." Miaka yote hii bado anakiamini kitabu changu. Nilikata simu nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Sikuandikii haya ili unionee huruma, na pia sitaki uvunjike moyo na kazi yako. Kukosea utakosea. Utamwambia mtu apande mbegu fulani na mvua itakataa, utasoma picha ya angani siku mbili baada ya mvua na utamsifia mtu ardhi ambayo haina kitu. Mimi kosa la kitabu nimeshajisamehe, yeyote angeweza kulifanya. Zile siku tatu ndizo sijaweza. Ukimkosea mkulima, rudi kwake wiki hiyo hiyo, ukiwa bado na matope ya kwake kwenye viatu, umwambie. Ukichelewa utaanza kuzoea kumpita, na baadaye utaanza kutafuta kasoro zake ili usijione. Mimi ndivyo nilivyofanya kwa ndugu yangu wa tumbo moja.

Shamba la juu halirudi, na sitaki ulidai. Wanaolilima hawana kosa, walipewa na ukoo na wamelitunza. Kinachoweza kurudi ni jina la Shabani tu.

Ndani ya bahasha hii nimeweka nyingine ndogo yenye jina la mjomba wako. Nimemwandikia yote. Ukifika, mwache apumzike, mpe mkononi, kisha toka nje umwache asome.

Nimerudi. Nilikuwa nimetoka, ndiyo maana wino umebadilika. Ile kalamu nimeiacha sijui wapi. Hayo ya bahasha ndogo nimeyakata kwa mstari, lakini yanasomeka, na nataka uyasome ujue mama yako alikaribia kufanya nini. Nilikuwa nimeshailamba gundi ndipo nikaona ninachokifanya. Nilikuwa nakutuma wewe, siku yako ya kwanza ya kujitegemea, ukanisemee neno langu, na mimi nikae hapa kilomita nyingi mbali, nisubiri simu. Ni unyamavu ule ule wa mpakani, safari hii umefungwa vizuri kwenye karatasi.

Nimeichana. Nimetembea mpaka stendi, mvua ikanikuta njiani, nikakata tiketi ya pili karibu na kiti chako. Baba yako atabaki na nyumba, nimemwambia kila kitu kule nje chini ya upenu. Aliniuliza tu kama nina nguo ya baridi ya asubuhi.

Kisha nikampigia Shabani. Nikamwambia kesho nakuja na Rehema.

Akashtuka. "Kuna msiba, dada?"

"Hakuna msiba. Nina neno nataka kukuambia."

"Sema tu."

"La simu hili haliwezekani. Nataka nikuambie uso kwa uso, na Rehema awepo."

Nikamsikia anamwita mkewe, anamwambia kwa furaha kama mtoto, "Dada anakuja! Dada mwenyewe!" Kisha akarudi kwenye simu akasema atachinja jogoo, na firigisi sitamwachia mwanamume yeyote, nitakula mimi, kwa sababu mimi ndiye mkubwa wake pekee aliyebaki duniani.

Nilitaka kumwambia asichinje mpaka anisikie. Nikachelewa, na yeye alikuwa ameshakata simu akamfukuze jogoo.

Kwa hiyo kesho kutakuwa na chakula, mwanangu, na atatunawisha mikono mwenyewe kama anavyofanya kwa wageni wa heshima. Nimepanga niseme kabla sahani hazijatengwa. Lakini mimi najijua. Naweza nikakaa pale nikaanza kuulizia mvua, na bei ya karanga, na hali ya mbuzi. Ukiniona hivyo usinisaidie mazungumzo. Niangalie tu, mpaka nianze.

Mama yako